UZI: Kasi ya shata na tundu la lenzi, tuzielewe kwa jua letu la Dodoma

Lenzi_ya_Makole

Habari za wakati huu, wakuu. Swali la "picha zangu zina ukungu, ninunue lenzi gani?" limekuwa likirudi humu kila baada ya siku chache, na mara nyingi lenzi haina kosa lolote. Shata ilikuwa ya taratibu, au tundu lilikuwa wazi mno na fokasi (pale picha inapotoka safi zaidi) ikaangukia sikioni badala ya jichoni. Nashusha uzi wa vitu viwili tu: kasi ya shata na tundu la lenzi, ambalo wengine wanaliita apecha. Namba nitakazotoa ni za jua la huku kwetu. Wenye uzoefu ongezeni, na palipopinda panyoosheni.

Tuanze na tundu. Ndani ya lenzi kuna vibati vyembamba vyeusi vilivyopangwa kwa duara, vinafunguka na kujifunga kama mboni ya jicho. Unaweza kuviona kwa macho yako. Ukiwa kivulini weka kamera kwenye M (tundu na shata unachagua mwenyewe), chagua f/16 na shata ya sekunde 5, geuza lenzi ikutazame, bonyeza, kisha chungulia. Kwa lenzi ya 50mm utaona kitundu cha milimita 3 hivi, punje ya choroko. Rudia kwa f/2: sasa ni milimita 25, pana kuliko kidole gumba. Hapo ndipo namba ya f inapoeleweka, maana ni hesabu ya kugawa tu. Chukua urefu wa lenzi, gawa kwa upana wa tundu. 50 kwa 25 unapata 2. 50 kwa 3.1 unapata 16. Ndiyo maana namba ikipanda, tundu linapungua. Wanaoanza wanakwama sana hapa kwa sababu wanaikariri bila kuiona.

Mfululizo wake ni 1.4, 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16, 22. Kila ukisogea hatua moja kwenda kulia, mwanga unaoingia unapungua nusu. Hatua hiyo tunaiita stopu. Gurudumu la kamera nyingi linakwenda kwa theluthi ya stopu, kwa hiyo katikati utakutana na f/6.3 na f/7.1. Mibofyo mitatu ndiyo stopu moja.

Shata ni pazia lililo mbele ya sensa, kile kipande kinachopokea picha. Linafunguka, mwanga unaingia, linafunga. 1/60, 1/125, 1/250, 1/500, 1/1000: nayo kila hatua inakata mwanga nusu. Angalia kioo chako vizuri, kwa sababu kamera nyingi zinaandika 250 zikimaanisha 1/250. Ukiona 4 peke yake ni robo sekunde, ukiona 4 yenye vialama viwili juu yake ni sekunde nne nzima.

Sasa zichanganye. Dodoma, anga wazi, kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri, ISO 100 (ISO ni wepesi wa kamera kwa mwanga; ukiipandisha picha inang'aa zaidi lakini inaota chengachenga), anza na f/16 kwa 1/100. Mwanga huohuo ni f/8 kwa 1/400, ni f/5.6 kwa 1/800, ni f/4 kwa 1/1600, ni f/2.8 kwa 1/3200. Zote zitatoka na weupe uleule, lakini si picha moja. Ya f/16 ina kila kitu wazi kutoka miguuni hadi Mlima Simba, na bodaboda aliyepita amefutika. Ya f/2.8 imemgandisha bodaboda, na nyuma yake kumelainika.

Kwa hiyo kabla ya kugusa gurudumu jiulize: kuna kinachosogea? Na je, kina cha picha, yaani eneo linalotoka safi kutoka mbele hadi nyuma, ndicho muhimu zaidi? Jibu la swali lenye uzito ndilo litakalochagua namba ya kwanza. Ya pili inafuata kwa hesabu.

Zabibu_ya_Hombolo

Asante sana mkuu, hiyo ya choroko imeniingia. Nina swali. Mtoto wa miaka minne, nje, saa 7 mchana, lenzi ya 50mm kwenye f/1.8, ISO 100, kamera kwenye Av, yaani tundu nachagua mimi na shata inachagua kamera. Namba 4000 inawakawaka na picha inatoka nyeupe, uso wote umeungua. Kamera imeharibika?

Lenzi_ya_Makole

Haijaharibika dada, imefika mwisho wa uwezo wake. Kwa jua hilo f/1.8 inataka shata ya karibu 1/8000, na kamera nyingi za kuanzia zinaishia 1/4000. Umezidisha mwanga kwa stopu moja, na namba inawaka kukuambia hivyo.

Funga tundu hadi f/2.8, shata itashuka hadi 1/3200 na kuungua kutaisha. Bora zaidi, mpeleke mtoto chini ya mwarobaini. Kwenye kivuli kilicho wazi mbele, f/2.8 kwa 1/500 na ISO 100 inatosha, na hapo hakuna kukunja macho. Kama lazima iwe juani na lazima iwe f/1.8, funga kichujio cheusi cha ND8 mbele ya lenzi. Kinakata stopu tatu.

Kuna jambo jingine kuhusu f/1.8. Kwenye sensa ndogo ya APS-C, ukiwa mita 2 kutoka kwa mtoto, eneo lililo wazi kwa kina ni kama sentimita 11. Ukisogea hadi mita 1 linashuka chini ya sentimita 3. Jicho likiwa safi, ncha ya pua inaanza kulainika na sikio limeshapotea. Mtoto hatulii, akiegemea mbele kidogo tu umemkosa. Tumia f/4, ambayo kwa mita 2 inakupa kama sentimita 25, na hapo nyuma bado kutakuwa laini.

Dada_Kizota

Niongezee kwenye ukungu, kwa sababu watu wanauita kitu kimoja wakati ni magonjwa matatu tofauti na kila moja lina dawa yake. Fungua picha kwenye kompyuta, ivute hadi asilimia 100, kisha usitazame uso peke yake. Tazama ardhi, tazama kokoto, tazama mishono ya nguo.

Kama kila kitu kimevutika upande mmoja, kokoto zimekuwa vistari na majani vistari vya mwelekeo uleule, ni mkono wako. Kamera ilitikisika. Kanuni ya kuanzia: 1 juu ya urefu wa lenzi mara 1.5 kwa sensa ndogo. Ukiwa 55mm usishuke chini ya 1/80, ukiwa 200mm usishuke chini ya 1/320. Bana viwiko mbavuni, toa pumzi nusu, bonyeza kwa kukandamiza kidole badala ya kukidonoa.

Kama kokoto ni safi lakini mkono wa mtu umefutika, yeye ndiye aliyesogea. Hapo kitulizo cha mtikisiko kilichomo kwenye lenzi hakikusaidii kitu, kinatuliza mikono yako, si ya kwake. Ongeza kasi ya shata tu. Mtu mzima aliyekaa akiongea, 1/125. Anayetembea sokoni Majengo, 1/250. Watoto wakicheza, 1/500 na kuendelea. Bodaboda anayekatiza mbele yako, 1/1000.

Na kama uso una ukungu lakini kuna kitu kingine kwenye picha kiko safi kabisa, kwa mfano kola ya shati au ukuta wa nyuma, basi fokasi iliangukia huko. Shata haihusiki. Acha kuiruhusu kamera ichague nukta ya fokasi. Chagua nukta moja, iweke kwenye jicho lililo karibu nawe.

Nasisitiza hili kwa sababu watu wanatoa hela kununua lenzi mpya kutibu ugonjwa wa shata, kisha lenzi mpya nayo inawapa ukungu uleule.

Mnadani_Photo

Mimi nilifundishwa 1/60 inatosha kwa picha za watu.

Dada_Kizota

Inatosha kwa mtu aliyesimama kwa pasipoti, na lenzi fupi. Kwa mtu anayecheka, 1/60 inakamata kichwa kikiwa njiani. Chukua kumi za 1/60 na kumi za 1/250 za mtu anayeongea, kisha linganisha kope.

Ngoma_za_Chamwino

Wakuu naomba tuzungumzie ngoma, maana huku Ugogoni ndiko kuna picha nzuri zaidi na ndiko watu wanakoharibu zaidi. Nataja muheme, ile inayopigwa na akina mama. Ngoma imebanwa katikati ya mapaja, mwili unayumba taratibu, lakini mikono inakwenda mbio kuliko jicho linavyofuata. Kasi mbili ndani ya mtu mmoja.

Ukiweka 1/1000 kila kitu kinaganda, hata vidole. Picha ni safi lakini anaonekana ameweka mikono juu ya ngoma tu, sauti haimo. Shuka hadi 1/60 au 1/80. Uso na shanga zinabaki wazi, mikono inakuwa kivuli laini juu ya ngozi ya ngoma, na mtazamaji anaisikia. Si kila picha itafanikiwa, piga nyingi mfululizo. Yapo maelewano ya katikati pia: mkono unapofika juu kabisa kabla ya kurudi, unasimama kwa kitambo kidogo sana. Ukibonyeza hapo, 1/250 inatosha kuugandisha. Sikiliza mdundo, bonyeza kwa mdundo.

Tundu sasa. Akina mama wamejipanga mstari, wewe umesimama pembeni, wa kwanza yuko mita 2 na nusu kutoka kwako na wa mwisho mita 4 na nusu. Kwa lenzi ya 35mm kwenye sensa ndogo, ukiweka fokasi mita 3, f/2.8 inakupa uwazi kuanzia mita 2.6 hadi 3.5 tu. Wawili wako safi, wengine wamepotea. Ukifunga hadi f/8 unapata kuanzia mita 2.2 hadi karibu mita 5, na mstari wote umeingia.

Ila f/8 na 1/60 kwa jua la mchana ni kuunguza picha, mwanga umezidi kwa stopu mbili na zaidi. Kwa mikono inayofutika subiri baada ya saa 11 jioni, au ingia na ND8.

Lenzi_ya_Makole

Mkuu umenena. Niongeze fidia ya mwanga hapo, yaani kuiambia kamera ipige kwa mwanga zaidi (+) au pungufu (−) kuliko ilivyopima. Kipima mwanga cha kamera kinadhani dunia yote ni kijivu. Ukijaza fremu kwa kaniki nyeusi na ngozi nyeusi, kitaongeza mwanga kupita kiasi na paji la uso litang'aa kama limepakwa mafuta. Shusha fidia hadi −0.7. Mambo yanageuka ukimpiga mtu mmoja mbele ya mawingu meupe, uso unakuwa giza, pandisha hadi +1 au zaidi. Kanzu nyeupe na shela nazo zinataka +0.7 hadi +1, la sivyo zinatoka na rangi ya jivu. Ukiwa Av au Tv (hapo unachagua shata, kamera inachagua tundu), kumbuka fidia inasogeza ile namba ambayo hukuichagua wewe. Ukiwa Av na ukaongeza +1, shata inapungua nusu. Watu wanaongeza mwanga bila kujua wameshajitafutia ukungu.

UDOM_Ndaki

Kwa nini msiwaambie watu watumie M na ISO ya otomatiki? Unaweka f/5.6 na 1/500, kamera inahangaika na ISO yenyewe. Unaweka mpaka wa juu, tuseme 3200, umemaliza.

Dada_Kizota

Kwa anayejifunza sikubali. Akiwa na ISO ya otomatiki anageuza shata na weupe wa picha haubadiliki, kwa hiyo hajui amefanya nini. Anaona chengachenga tu na hajui zimetoka wapi. Funga ISO 100 mchana, 400 kivulini, kwa wiki mbili tatu. Akishaweza kukisia shata kabla ya kutazama kipima mwanga, afungue.

UDOM_Ndaki

Kwa mazoezi nakubali. Kwa kazi bado nasimama na yangu. Uwanja wa Jamhuri, mechi imeanza saa 10 jioni, lenzi inaishia f/5.6. Mwanzoni ISO 200 inakupa 1/1000. Jua likishashuka nyuma ya jukwaa, nusu ya uwanja ni kivuli, mpira unavuka kutoka mwangani kwenda kivulini kila dakika. Hakuna atakayewahi kugeuza gurudumu. Shata haitakiwi kushuka chini ya 1/800, tundu halifunguki zaidi, kilichobaki ni ISO pekee. Chengachenga zinasafishika, mguu wa mchezaji uliofutika haurudi.

Dada_Kizota

Hapo sawa kabisa.

Mwana_Kondoa

Naomba msaada wa michoro ya mapangoni. Kolo, kaskazini ya mji wa Kondoa, barabara ya kwenda Babati. Michoro iko chini ya mwamba kivulini, nje jua kali. Picha zinatoka giza au nje inaungua.

Fundi_Kamera_Dom

Ndugu, michoro ile imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2006, inastahili kupigwa kwa utulivu. Mwamba hausogei, kwa hiyo shata uko huru nayo kabisa. Hapa tundu ndilo lenye neno.

Panda tripodi, kamera iwe sambamba na uso wa mwamba. Ukiinamisha, juu itakuwa wazi na chini italainika. ISO 100, f/8, kisha acha shata iende inakotaka, 1/15, 1/8, hata nusu sekunde. Weka saa ya kuchelewesha ya sekunde 2 ili kidole kisitikise. Pima mwanga kwa nukta, ielekeze kwenye mwamba mtupu ulio pembeni ya mchoro, si kwenye anga. Usiingize nje kwenye fremu hata kidogo, tofauti ya kivuli kile na jua la nje ni kubwa kuliko sensa inavyoweza kubeba kwa pigo moja.

Flashi usiwashe. Kwanza uliza mwongozo wa pale na ufuate asemavyo. Pili, mwanga wa flashi unatoka palepale ilipo lenzi, unapiga mwamba kifua kwa kifua na kufuta mikwaruzo yote. Michoro mingi ni ya rangi nyekundu iliyofifia juu ya mwamba wenye wekundu wake, inategemea tofauti ndogo sana ya rangi. Mwanga laini wa kivulini ndio unaoitoa.

Usifunge hadi f/22 kwa kudhani utapata usafi zaidi. Tundu likiwa dogo mno mwanga unajipinda kwenye kingo za vibati na picha nzima inalainika. Kwa sensa ndogo, kuanzia f/16 utaliona hilo ukivuta picha. Lenzi nyingi ziko safi zaidi kati ya f/5.6 na f/8.

Na kwa kuwa tumegusa f/16, hili la vumbi liingie hapa. Wanaosema kamera imeingia madoa ghafla, madoa yalikuwepo, tundu dogo ndilo lililoyafichua. Kwenye f/2.8 mwanga unakuja kutoka pande nyingi, kivuli cha chembe ya vumbi kinamezwa. Kwenye f/16 mwanga unakuja karibu kwa mstari mmoja, chembe inaacha doa jeusi kwenye anga ya bluu. Na sisi kuanzia Julai hadi Oktoba upepo wa Dodoma haupoi.

Pima hivi: f/16, ISO 100, fokasi ya mkono uiharibu makusudi, elekeza anga tupu mbali na jua, piga. Madoa utayahesabu. Pulizia kwa kipulizio cha mpira, kamera imetazama chini, kwa kutumia menyu ya kusafisha inayoshikilia pazia wazi. Usipulizie kwa mdomo, mate yanaganda kwenye sensa na hapo ni kazi ya fundi. Kubadili lenzi fanyia ndani ya gari, vioo vimefungwa, au ndani ya begi, mdomo wa kamera ukitazama chini.

Ukumbi_Area_C

Wakuu, kwenye kumbi napata mistari ya giza iliyolala kwenye picha. Pigo hili ipo, pigo lile haipo. Wakati mwingine nusu ya chini ni nyeusi kabisa.

Fundi_Kamera_Dom

Hayo ni mambo mawili, usiyachanganye.

Mistari inayokuja na kuondoka ni taa. Umeme wetu ni hezi 50, na taa nyingi za LED za bei nafuu zinafifia na kuwaka mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni. Shata ya 1/500 inakamata kipande cha kufifia, na kwa kuwa pazia linapita kutoka upande mmoja kwenda mwingine, sehemu ya fremu inapata mwanga na sehemu inakosa. Tumia 1/100 au 1/50 ili kila pigo libebe mzunguko mzima. Kwa video ni vilevile: fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50. Ukirekodi kwa fremu 30 na shata 1/60, ukuta utaona unapumua. Kama 1/100 haitoshi kwa kinachosogea, tafuta kwenye menyu kipengele cha kuzuia kumeta, baadhi ya kamera wanacho. Kuna taa za mapambo na skrini za LED zenye kasi yake tofauti, hizo jaribu shata moja moja hadi mistari ipotee.

Kipande cheusi chenye ukingo wa moja kwa moja, unapotumia flashi, ni kasi ya shata kuzidi uwezo wa flashi. Kamera nyingi mwisho ni 1/200 au 1/250. Juu ya hapo pazia la pili linaanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza kufunguka, mwanga wa flashi unalikuta pazia njiani. Shusha hadi 1/160 na tatizo limekwisha.

Kwa harusi ndani ya ukumbi anza na f/4, 1/125, ISO 1600, flashi ielekezwe dari kama dari ni nyeupe na si ya juu sana. Hapo mgawanyo wa kazi ni huu: tundu linatawala nguvu ya flashi kwenye uso, shata inatawala mwanga wa taa za nyuma. Ukitaka mapambo yaonekane zaidi nyuma ya maharusi, shusha shata hadi 1/60, uso hautabadilika sana. Ukitaka nyuma giza, pandisha hadi 1/200. Ukishajua mgawanyo huu, flashi haikusumbui tena.

Ukumbi_Area_C

Kumbe. Nilikuwa natafuta fundi wa pazia. Ubarikiwe mkuu.

Singida_Ziwani

Nami niwape ya ndege. Ziwa Singida na Kindai, wakija heroe, yaani flamingo. Anayeruka anataka 1/1600 hadi 1/2000, f/8, ISO 400 kwa jua la asubuhi. f/8 kwa sababu ndege hakai kwenye nukta, unahitaji kina cha kukosea. Aliyesimama majini akila, 1/500 inamtosha.

Msihangaike kupandisha shata saa 7 mchana mkiona ndege wa mbali hawako safi. Joto linapopanda kutoka ufukweni hewa inacheza kati yako na ndege, na hakuna namba ya shata wala tundu inayotibu hilo. Sogea karibu au njoo saa 12 na nusu hadi saa 2 asubuhi.

Ngoma_za_Chamwino

Na mchana huo pia jua liko utosini. Mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 9 Oktoba linapita juu kabisa ya Dodoma, na adhuhuri yetu hasa inaangukia saa 6 na nusu hivi, si saa 6 kamili. Macho yanakuwa mashimo meusi. Hapo ni kuhamia kivulini tu au kurudisha mwanga kwa kitambaa cheupe.

Mnadani_Photo

Bodaboda akiwa safi na nyuma kumevutika kama upepo, inafanyikaje? Na treni ya SGR?

Lenzi_ya_Makole

Hapo shata ya taratibu ndiyo silaha. Weka Tv au S, 1/30 au 1/60, fokasi ya kufuatilia. Simama miguu imepanuka, kiuno ndicho kigeuke, si mikono. Mshike bodaboda kwenye fremu akiwa bado mbali, mfuate kwa kasi yake, bonyeza anapofika mbele yako kabisa na uendelee kumfuata hata baada ya kubonyeza. Wengi wanasimama pale wanapobonyeza, na hapo ndipo picha inapofia. Bodaboda wa kilomita 40 kwa saa anasogea mita 11 kwa sekunde, kwa 1/30 ni sentimita 37. Wewe ndiye unayeifuta hiyo sentimita 37 kwa kugeuka naye.

Saa 7 mchana haiwezekani kwa 1/30, hata f/22 na ISO 100 haikati mwanga wa kutosha. Baada ya saa 11 jioni f/16 inakubali. Chagua barabara yenye vitu nyuma, maduka, miti, ukuta wa rangi. Anga tupu haionyeshi mwendo.

Treni inafika kilomita 160 kwa saa, karibu mita 44 kwa sekunde. Kwa 1/1000 inasogea sentimita 4.4, kwa hiyo ukiitaka ikiwa imeganda na inakatiza karibu, nenda 1/2000. Ikija kukukabili kwa pembe, 1/800 inatosha maana haivuki fremu kwa haraka. Kaa nje ya uzio daima, na stesheni omba ruhusa kabla ya kutoa kamera.

Zabibu_ya_Hombolo

Na wenye simu je?

UDOM_Ndaki

Simu nyingi tundu lake halibadiliki. Hata ikiandikwa f/1.8, lenzi yake ni ya milimita 5 au 6, kwa hiyo tundu halisi ni milimita 3 tu. Ile nyuma laini ya simu inatengenezwa na programu, ndiyo maana nywele zinakatwa vibaya. Ila shata unayo: fungua hali ya Pro, utaona S na ISO. Somo lote la kasi ya shata unaweza kulifanya kwa simu.

Mnadani_Photo

La mwisho wakuu. Usiku, taa za magari ziwe mistari, niko juu ya jengo natazama mzunguko wa barabara.

Dada_Kizota

Tripodi, ISO 100, f/11, sekunde 10. Kama mistari ni mifupi nenda sekunde 15 na ufunge hadi f/13. f/11 pia inazipa taa za barabarani miale ya nyota, kwa sababu ya kona za vile vibati. Anza saa 1 jioni anga ikiwa bado na bluu kidogo, usingoje giza totoro. Fokasi iweke kwenye taa ya mbali kisha ihamishie kwenye fokasi ya mkono isianze kutafuta tena. Mkanda wa kamera uufunge, upepo wa Dodoma ukiupeperusha unatikisa tripodi nzima. Na kitulizo cha mtikisiko kizime, kwenye lenzi nyingi za zamani kikikuta kamera imetulia kabisa kinaanza kutafuta mtikisiko usiokuwepo na kuuleta chenyewe.

Mnadani_Photo

Nimeelewa. Kesho saa 1 kasoro niko juu. Matokeo nitayaweka hapahapa, na namba zake.